Simu Yangu Haikuibwa na Mtu wa Nubia

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo hakuna vichekesho. Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana niliibiwa simu Daraja Mbili, siku ya soko. Kwa mtu anayekula kwa kutengeneza vidio, simu ndiyo jembe, ndiyo shamba. Nikaazima ya dada yangu, nikajirekodi nikiwa na hasira, nikasema, "Hawa vijana wa Nubia wametuchosha." Sikuwa nimemwona mwizi. Nilijua tu kwamba nikitaja Nubia hakuna atakayeniuliza ushahidi. Na kweli hakuna aliyeuliza. Ile vidio ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Wiki mbili baadaye simu ikapatikana. Alikuwa nayo jamaa wa ploti yetu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mkisii kama mimi. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi tukingojea bafu. Nikafuta vidio kimyakimya, sikuomba msamaha. Leo naomba.

Mbona leo? Juzi nilienda kumsikiliza jamaa mmoja anayetaka kuwa MCA 2027. Alianza vizuri: taa za barabarani, mitaro, basari. Halafu akafika kwa nyumba. Akasema nyumba za bei nafuu za serikali zikijengwa hapa lazima zipewe abanto baito, watu wetu, kwa sababu "mkileta wageni mnaleta wizi." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama na rafiki yangu aliyezaliwa Nubia. Mamake amezaliwa Nubia, nyanyake pia. Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Ile vidio yangu aliiona.

Maneno ya yule jamaa yalikuwa yangu, ila yeye aliyavalisha suti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, kwa hivyo sina cheti cha kumfundisha mtu. Lakini kusoma bado naweza. Tuyafungue moja moja.

Kwanza, hizo nyumba ni za nani? Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake anaongeza 1.5 nyingine. Anakatwa mwalimu wa Ogembo. Anakatwa nesi kutoka Homa Bay anayefanya kazi Kisii. Anakatwa Mnubi aliyeajiriwa ulinzi. Sijawahi kuona karatasi ya mshahara yenye nafasi ya kuandika ukoo. Na Katiba, kifungu cha 43, inasema makao yanayofaa ni haki ya kila mtu. Kifungu cha 39 kinasema kila raia anaweza kuishi popote Kenya. MCA hawezi kufuta hayo kwa mkutano wa jioni.

Halafu mlango wa "watu wetu" ukishafunguliwa haufungiki. Leo ni Mnubi, kesho ni Mluo, keshokutwa tunaanza kuulizana nani ni Omogetutu, nani Omonyaribari, nani Omobasi. Tunajijua vile tunapangana wakati wa kura.

Pili, huyo mgeni ni nani? Waingereza waliwaleta babu za Wanubi wakiwa askari wao kutoka upande wa Sudan, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walikuwa Kenya kabla Kenya haijapata bendera. Lakini kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akitaka kitambulisho anapigwa msasa na kamati, anaambiwa alete karatasi za babu. Mimi hizo karatasi sijawahi kuulizwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya iliwabagua. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba mambo ya msasa yamekwisha. Rafiki yangu ana miaka 21. Mara ya mwisho alipoenda ofisini aliambiwa arudi na karatasi za nyanyake.

Sasa unganisha. Bila kitambulisho huwezi kuomba nyumba Boma Yangu. Bila kitambulisho huwezi kujiandikisha kupiga kura. Kwa hivyo huyu anayesemwa atatunyang'anya nyumba hana hata njia ya kuiomba. Na akitukanwa jukwaani, hana kura ya kujibu. Hapo ndipo siri iko. Yule jamaa hakusema "wageni" kwa sababu amefanya hesabu ya wizi. Amefanya hesabu ya kura. Alichagua watu ambao kuwatukana hakumpunguzii kitu. Mimi pia nilifanya hesabu hiyo hiyo, ila yangu ilikuwa ya laiki.

Tatu, wizi wenyewe. Upo, sitawadanganya. Kina mama wa mboga wanafunga mapema kuliko wangependa, na mimi niliibiwa mchana kweupe. Hata Nubia wezi hawakosi, kama vile Mwembe hawakosi, Jogoo hawakosi, na ploti yetu nimewaambia. Swali ni kama watu fulani wakihamia mahali ndio wizi huanza.

Marekani wamebishana juu ya hili miaka mingi. Kule serikali huipa familia maskini vocha ya kulipia sehemu ya kodi kwa nyumba ya mtu binafsi. Katika miji ya Lancaster na Palmdale, California, familia za watu weusi zilipohamia kwa vocha, viongozi wakaanza kulalamika kwamba zinaleta uhalifu. Wakaguzi wakawa wanaingia nyumba za wenye vocha wakiwa na askari wenye bunduki. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ya Marekani ikasema huo ulikuwa ubaguzi dhidi ya watu weusi. Na utafiti uliochapishwa 2012, wa miji mikubwa 10, haukupata ushahidi wa maana kwamba wenye vocha wanaongeza uhalifu. Ulichokuta ni kwamba wenye vocha huelekea kuhamia mitaa ambayo uhalifu tayari unapanda. Yaani maskini hupata mtaa uliokwisha kuharibika, halafu analaumiwa kwa kuuharibu.

Turudi nyumbani. Sisi tumeshawahi "kusafisha mtaa." Sungusungu walianza kama walinzi wa vijiji, wakaishia kuua watu na kukodishwa kwa visasi. Mwaka 2010 serikali iliwapiga marufuku katika orodha ya makundi 33, pamoja na Chinkororo na Amachuma. Hao hawakuwa wageni. Walikuwa abanto baito. Januari 2024 risasi zilifyatuliwa kwenye mkutano wa Gavana Simba Arati kule Nyamarambe. Sikusikia mtu akisema tatizo ni wapangaji. Vijana wanaobebwa kwa lori kwenda kuvuruga mikutano wanalipwa na mtu, na huyo mtu halali njaa.

Na nyumba ikichanganywa na kabila, huwa inaishia wapi? Mwishoni mwa 2001, Kibera, Rais Moi na mbunge wa Lang'ata, Raila Odinga, walisema kodi ishushwe. Wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi, wapangaji wengi Waluo. Swali la kodi likageuka vita, watu wakafa. Hakuna aliyejengewa nyumba na hizo fujo.

Sisi Wakisii ndio tungefaa kuelewa haraka zaidi. Mapema 2008, baada ya ule uchaguzi, watu wetu walifukuzwa Bonde la Ufa, na mapigano yakafika mpakani Chepilat. Kule ni sisi tuliitwa wageni. Kuna shangazi zetu walirudi na mtoto mgongoni na sufuria moja. Na Ekegusii chenyewe kina neno omomenyi, mtu aliyekuja kukaa kwenye ukoo usio wake. Wazee walimpokea, akakaa, akazaa, na leo wajukuu wake wako kati yetu na wengine ndio wanapiga kelele zaidi juu ya wageni.

Kabla ya tarehe 10 Agosti 2027 watakuja wengi na hiyo nyimbo. Akifika mtaani kwako muulize mambo matatu. Orodha ya watakaopewa nyumba itabandikwa wapi ili kila mtu aisome? Taa za barabarani zitawaka lini, na atazifuatilia vipi? Na vijana waliokuja naye na fimbo, nani aliwalipa? Akirudia "wageni" badala ya kujibu, umeshapata jibu. Na kama una kitambulisho, jiandikishe IEBC. Kuna mtu namjua angetoa chochote apate hiyo nafasi.

Vidio ya msamaha naiweka leo jioni. Nilimwomba rafiki yangu tukae wote mbele ya kamera, nikidhani itapendeza. Akakataa. Akaniambia, "Ile ya kwanza ulisema bila kuniuliza. Hii pia sema peke yako." Ana haki.

Najua haitatembea kama ile ya kwanza. Kama ile uliitumia watu, basi na hii watumie.