Ziara za Wanafunzi Mashambani: Nani Huachwa Nyuma?

Mwezi wa Februari mwaka huu, nikiwa mjumbe wa Kamati ya Shule, nilialikwa kufuatana na wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya msingi hapa Njombe, waliokwenda kulitembelea shamba la matufaha la familia moja. Nilikwenda kwa furaha, nikarudi na mambo mawili moyoni. La kwanza, sijapata kusikia somo la sayansi lililo bora kama lile alilolitoa mkulima yule. La pili, karibu theluthi moja ya darasa hawakulisikia.

Hawakulisikia kwa sababu wazazi wao hawakuwa na shilingi elfu ishirini na tano. Fedha hizo zilikuwa za basi, kofia, soda na pilau. Shamba lenyewe liko mwendo wa kilometa tano kutoka shuleni, mwendo ambao wengi wa watoto hao huutembea wakienda kusaga mahindi. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada. Je, tumeiondoa ada mlangoni ili tuirudishe dirishani kwa jina la ziara?

Basi na tuseme kwanza kile walichokikosa. Watoto walimsalimu mzee, wengine kwa shikamoo, wengine kwa kamwene, naye hakuanza kwa hotuba. Alichuma tufaha moja, akalikata, akawaonyesha mbegu. Akauliza: “Wajukuu zangu, nikiipanda mbegu hii, nitapata tufaha kama hili?” Wote wakaitikia ndiyo. Nakiri kwamba hata mimi, mwenye miaka mingi ya utumishi, niliitikia moyoni.

Mzee akacheka. Mbegu ya tufaha, alisema, ina mama na ina baba, na mtoto hafanani kabisa na yeyote kati yao. Mti utakaoota huenda ukazaa matunda machungu yasiyolika. Atakaye tufaha lile lile hana budi kukata kikonyo cha mti mzuri na kukibebesha juu ya shina la mti mwingine, sehemu mbichi za ndani ya maganda zikigusana, kisha kufunga kwa utepe wa nailoni mpaka viungane. Mkewe akaleta kisu na miche, akabebesha mmoja mbele ya macho yao. Hapo palikuwa na somo la urithi wa viumbe, bila ubao wala chaki.

Akaendelea na baridi. Mtufaha huhitaji majira ya baridi ili upate kulala. Usipolala vema, machipukizi huamka ovyo ovyo, mengine leo, mengine baada ya mwezi. Ndiyo maana mti huu haufai Dar es Salaam, nao hustawi katika nyanda za juu kama zetu. Hata hapa mzee hupanda aina iitwayo Anna, iliyozalishwa Israel kwa ajili ya nchi zenye baridi haba, na mwaka ambao baridi ni pungufu yeye na wanawe huyapukutisha majani kwa mikono ili kuulazimisha mti upumzike. Kando ya Anna amepanda aina nyingine inayochanua wakati huo huo, na katikati ameweka mizinga, kwa kuwa nyuki ndio wachukuzi wa chavua. Akauliza tena: nikipanda kwa mita nne kwa nne, ekari moja itachukua miti mingapi? Binti mmoja akapiga hesabu mchangani na kupata miti mia mbili na hamsini na kidogo. Alikuwa sahihi.

Mtoto mwingine aliuliza kwa nini ‘epo’ hizi hazina kibandiko. Swali hilo lisichekwe. Yenye kibandiko ambayo ameyazoea dukani ni yale ya Afrika ya Kusini. Serikali ilipoyazuia mazao ya nchi hiyo kwa siku chache mwezi wa Aprili 2025, katika mvutano juu ya ndizi zetu, wapo watu wazima waliouliza kama tunda hilo laweza kuota Tanzania.

Somo lilidumu saa moja na nusu. Saa zilizobaki zilikuwa za picha na pilau. Mwalimu hakuwa ameandaa hata swali moja, na aliporudi hakuna lililoandikwa ubaoni kwa ajili ya wale waliobaki. Mmoja wao, niligundua baadaye, ni mtoto wa kibarua anayeipogoa miti ile ile.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu kasumba ya kudhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa waliosoma. Tunaisifu hoja hiyo majukwaani, kisha tunamwendea mkulima kama watalii. Sisemi watoto wageuzwe vibarua. Tunakumbuka jinsi katika shule nyingi kujitegemea kulivyogeuka kuwa adhabu ya jembe, au palizi katika shamba la mwalimu, na haifai kurudi huko. Nasema mtoto ashike kisu cha kubebeshea mara moja, chini ya uangalizi, na mche alioubebesha apande shuleni autazame.

Ili hilo liwezekane, ziara ifanyike kwa miguu, kwa makundi madogo, bila senti ya mzazi. Ifanyike pia wakati wa kazi. Mzee mwenyewe alimwambia Mwalimu Mkuu, kwa upole, kwamba wageni wote humjia matunda yanapoiva, hali somo kubwa la upogoaji liko Julai, miti ikiwa mitupu na asubuhi ina sakitu.

Nimeandika pendekezo hilo kwa Kamati ya Shule. Wenzangu wawili wamekwisha nijibu kwamba ziara bila basi haina heshima. Tunakutana mwezi ujao, na orodha ya watoto waliobaki ninayo mfukoni.