Kidole cha Kigoma kwenye kibodi ya Rumonge

Sisi tuliokulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo hatukuwa na kompyuta nyumbani. Watoto wa Ulaya walianza kuchezea Commodore 64 na ZX Spectrum mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tanzania ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata baada ya hapo zilichelewa sana kufika mikoani.

Miaka ya 1990 baadhi yetu tuliiona Kigoma mjini, imefunikwa kitambaa kama redio ya mzee. Kabla ya kuingia chumbani unavua viatu, eti vumbi litaiua! Tulilipa ada, tukafundishwa mahali pa kuweka kila kidole, na kidole kikishazoea hakisahau. Hapo ndipo ilipo shida ninayotaka kuizungumzia.

Mwaka 2008 wakimbizi wengi wa 1972 walianza kurudi. Huku Rumonge wengine walikuta mashamba yao ya michikichi yanalimwa na watu wengine. Kila jambo likataka karatasi: barua kwa komini, malalamiko kwa CNTB, tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Na karatasi hizo zilipigwa kwenye kibodi ya Kifaransa.

Ndugu msomaji, tofauti si ndogo. A na Q zimebadilishana nafasi, W na Z vilevile, na M imehamia kando ya L. Aliyefunzwa Kigoma akiandika "wewe" bila kutazama, inatoka "zeze". Tarakimu ndizo mbaya zaidi, maana kwenye kibodi ya Kifaransa huzipati mpaka ubonyeze kitufe kingine kwanza. Mfanyabiashara wa mawese anayetaka kuandika 2500 kwenye ankra yake anapata é(àà. Kwenye simu, ukichagua Kifaransa, herufi nazo zinahama.

Matokeo yake, kijana anayejua kazi anaonekana hajui. Anaitwa kwenye jaribio la ukarani, anapewa dakika chache, anahangaika kuitafuta A, na mwenzake aliyesoma hapa anamaliza. Mzee naye anamlipa mpigaji chapa kwa kila ukurasa, mwanawe aliyesomea kazi hiyo hiyo akiwa amekaa pembeni.

Wapo watakaosema Burundi ni nchi ya Kifaransa, mgeni ajifunze. Kwanza, aliyerudi kwao si mgeni. Pili, Kirundi na Kiswahili tunavyoviandika kila siku havihitaji é wala ç, lakini herufi hizo ndizo zilizokalia nafasi ya tarakimu zetu. Tatu, Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 2014. Sisemi kibodi ya Kifaransa itupwe. Barua ya Kifaransa isiyo na alama zake ni aibu kwa aliyeiandika.

Ninachoomba ni kidogo. Kompyuta yenye Windows inakubali mipangilio yote miwili bila malipo, na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine ni suala la sekunde. Wenye vibanda vya kuchapisha waiweke yote miwili na kubandika vikaratasi vya herufi juu ya vitufe. Na ofisi zinazopima makarani zimwulize mwombaji kibodi anayoitaka kabla saa haijaanza kuhesabiwa.