Rumande Kabla ya Hukumu
Erick Kabendera, mwanahabari wa Tanzania, alikamatwa Julai 2019 akatoka Februari 2020, tena kwa kukiri makosa na kulipa. Alishtakiwa, pamoja na mengine, kwa utakatishaji fedha, nao hauna dhamana: kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilimnyima hakimu hata nafasi ya kupima. Kesi ikawa ya kutajwa na kuahirishwa, upelelezi (wimbo ule ule) haujakamilika. Masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, ndio walisota rumande zaidi, miaka na miaka kwa tuhuma za ugaidi, hadi Juni 2021 mashtaka yakafutwa bila hukumu. Miaka hiyo wamdai nani? Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikibariki kifungu hicho cha 148(5) mwaka 2020. Lakini Kenya, chini ya Katiba ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji huomba dhamana. Anayetaka mshtakiwa anyimwe dhamana ndiye hutoa sababu nzito.