Seva Iambiwe Itokee kwa Anwani Ipi

Simu ya laini mbili ukitaka kupiga hukuuliza utumie laini ipi. Seva yenye anwani tatu za IP haiulizi. Programu isipotaja anwani ya kutokea, kerneli ya Linux hutazama njia iendayo kwa mpokeaji. Njia nayo ikiwa kimya, kwa IPv4 huchukua anwani kuu ya kadi ya mtandao inayohusika, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyoingizwa kwanza. Basi utambulisho wa taasisi huamuliwa na mpangilio wa mistari katika faili lililoandikwa siku seva ilipowashwa, pengine kwa haraka ya kufunga kazi. Naona uamuzi huo ni wa mtu, tena kwa maandishi.

Tazama barua pepe. Tangu Februari 2024 Google humtaka kila anayetuma kwenda Gmail awe na SPF au DKIM, na SPF ni tangazo la anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Seva ikitokea kwa anwani isiyotajwa, na DKIM haipo, ankara halali hurudishwa au huishia kwenye barua taka. Kwa mshirika wa malipo aliyefungulia anwani moja tu, mambo ni magumu zaidi: fayawoli yake hutupa pakiti bila kujibu neno, na lawama huangukia mtandao.

Wapo wanaosema kanuni zipo, tuziachie kazi. Kweli zipo, kwa IPv6 kuna RFC 6724 ya mwaka 2012. Lakini kanuni hizo hulinganisha mambo kama upeo wa anwani na urefu wa mwanzo unaofanana. Mkataba wako na benki haziujui. Wengine huhofia kwamba programu iliyofungwa kwa anwani moja itakwama anwani hiyo ikiondolewa. Hofu hiyo ina uzito, ila kukwama huko huacha kosa kwenye kumbukumbu za seva, fundi akaliona. Tena kuiachia kerneli hakuleti usalama: katika Linux, ukifuta anwani kuu ya IPv4, zile za ziada za mtandao mdogo huohuo hufutika nayo, isipokuwa umewasha promote_secondaries.

Kazi yenyewe ni ndogo: neno src kwenye mstari wa njia, au smtp_bind_address kwa anayetumia Postfix. Kisha amri ya ip route get, ikifuatwa na anwani ya mpokeaji, itamwonyesha fundi anwani ambayo kerneli ingeichagua.