Sindano za Urembo na Njia ya Misafara

Mfanyabiashara wa zamani aliyetoka Unguja, akavuka hadi Bagamoyo na kuishika njia ya Unyanyembe, alilazimika kujua rangi ya shanga iliyopendwa katika kila nchi atakayopita. Akikosea, mzigo wote uliochukuliwa na wapagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kazi bure. Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, ameeleza habari hizo kwa kirefu. Twazikumbusha kwa sababu urembo ni biashara ya siku nyingi katika njia ile, na sisi wa visiwani tulikuwa na fungu letu ndani yake. Lakini shanga huvaliwa na huvuliwa. Singo na liwa za maharusi wetu huoshwa kwa maji.

Tunalolizungumzia leo halioshwi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mzigo haukuhitaji tena mabega ya watu. Kwa miaka mingi sasa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku nchini, zimekuwa zikivushwa kwa magendo Ziwa Tanganyika na kushika njia ile ile kuelekea pwani. Nyuma yake zinakuja sindano: za kujaza midomo, za kukuza makalio, za kung'arisha ngozi. Hizi hata mpagazi hazimtaki, maana huingia mfukoni.

Wananchi waambiwe kinagaubaga kilichomo. Vijazio vinavyotumiwa na madaktari usoni aghalabu ni haialuroni, uteute ambao mwili huuyeyusha polepole, na daktari anayo dawa ya kuuyeyusha upesi mambo yakiharibika. Hata huo, ukiingia ndani ya mshipa wa damu, waweza kuozesha nyama ya pua au kupofusha jicho. Silikoni ya maji ndiyo balaa kubwa zaidi. Haiyeyuki, huhama mahali ilipodungwa, hufanya mavimbe magumu hata baada ya miaka, na ikifika mapafuni huua. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, nchi yenye madaktari na fedha kuliko sisi, haijaruhusu kijazio chochote kidungwe ili kukuza makalio au matiti. Basi fundi wa saluni amepata wapi idhini hiyo?

Hatusemi haya kwa kuwadharau kina mama na mabinti zetu. Chama chetu kiliwahi kupotea njia hapo. Katika Operesheni Vijana, iliyoamuliwa mwaka 1968 na Umoja wa Vijana wa TANU, krimu za kujichubua ziliwekwa fungu moja na sketi fupi na mawigi, na vijana wakawakimbiza wasichana barabarani. Aliyeleta krimu hakukimbizwa. Tusirudie kosa hilo. Anayetaka kurekebisha umbo lake kihalali anao mlango: Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza huduma hiyo mwaka 2023. Ni ghali, kweli, na ughali huo ndio unaomnenepesha mlaghai wa uchochoroni.

Sasa twawageukia ndugu zetu wa Serikali. Tangu mwaka 2019 vipodozi vya Bara viko chini ya TBS, na dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Huku visiwani kazi hiyo ni ya Wakala wa Chakula na Dawa. Mlaghai hupenda sana mgawanyo wa namna hii. Akiulizwa na mkaguzi wa dawa, sindano yake ni kipodozi. Akiulizwa na mkaguzi wa vipodozi, ni tiba. Kipodozi ni kitu cha kupakwa juu ya mwili. Kinachopita chini ya ngozi kwa sindano ni cha daktari, na asiye daktari anayekidunga amejeruhi mtu.

Tunaomba idara hizo tatu zitangaze kwa pamoja, kwa Kiswahili, majina ya vijazio vilivyosajiliwa na vituo vyenye ruhusa ya kuvitumia. Tangazo libandikwe stesheni ya Kigoma, stesheni ya Tabora, bandari ya Malindi na Mkoani, na katika kila saluni yenye leseni. Wakaguzi waanze na wenye mzigo, kabla ya kumgusa binti aliyedungwa. Yeye apelekwe hospitali, asiulizwe kwanza alikosa nini.