Tarehe 17 mwezi wa kwanza: mlima na watu

Wandugu, tarehe 17 mwezi wa kwanza siye watu wa Goma tunakumbuka mambo mbili. Mwaka 1961, Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa kule Katanga. Mwaka 2002, Nyiragongo ililipuka: moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ndani ya Ziwa Kivu.

Siku ni moja, lakini tusichanganye. Mlima huwezi kuupeleka korti. Walioua Lumumba walikuwa watu, wenye majina na vyeo. Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2002, ikarudisha jino lake mwaka 2022, lakini mpaka leo hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

Leo raia akiuawa huku kwetu, tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Hapana! Maneno hiyo ni ya volkano, si ya risasi. Nyumba tulijenga tena juu ya mawe ya moto, kwa mikono yetu. Haki haijengwi na maua na hotuba za siku ya konje. Basi tarehe 17 tuulize: nani alitoa amri, na nani alifunga macho?