Mechi moja, nakala tano!



Juzi usiku nilikuwa barazani Wete. Watu watano, simu tano, zote mpira mmoja. Goli likaingia. Wa kwanza kapiga ukelele, wa pili bado anaona kona inapigwa, wa tano kiduara kinazunguka tu. Ami mmoja akauliza: "Hivi nyinyi mnaangalia mechi moja kweli?"

Swali la ami ndiyo mada yangu leo. Mechi ni moja, lakini kila simu inajivutia nakala yake kutoka mbali. Nakala tano za kitu kile kile zinabanana njiani. Mwaka 2010 tulipoletewa umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, hakuna aliyevutiwa waya wake peke yake hadi Tanga. Umeme ulivuka mara moja, ukagaiwa hapa hapa. Kwa nini picha isiwe hivyo? Ivuke mara moja, inakiliwe Chake, ndipo igaiwe.

Lakini kugawa nako kuna hesabu zake. Mkongo ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na mwanga huchoka. Uzi mzuri hupoteza kama nusu ya mwanga kila kilomita 15. Kwa kilomita 50, yaani kama kutoka bara mpaka Pemba, inabaki sehemu moja tu kati ya 10. Kidogo hicho ukikipasua kwa nyumba 32, kila nyumba inapata nini? Mashine ya kukuza mwanga inasaidia, ila inakuza na uchafu uliomo. Dawa ni kuupokea ujumbe ungali unasomeka, kuutuma upya kwa mwanga mpya, ndipo ugaiwe. Mashine hiyo inataka umeme usiokatika na fundi aliye karibu.

Kwa hiyo mimi nasema: mashine hizo ziwekwe Pemba, na ubora upimwe kwenye nyumba ya mwisho kule Micheweni, siyo mlangoni mwa mtambo. Mpira ukikwama tutacheka. Lakini mwanafunzi wa skuli anayefuata somo, au daktari wa Chake anayemuonesha mwenzake wa Mnazi Mmoja picha ya mgonjwa, hao hawacheki.

Nawasilisha. Wewe unasemaje?